Spika Nayo Inakula Nafasi

Karatasi ya kiwanda ilisema spika ya inchi 12 inataka boksi la lita 40 lenye bomba la hewa. Fundi akapiga hesabu yake: sentimita 40 kwa 40 kwa 25, vipimo vya ndani. Hizo ni sentimita za ujazo 40,000, yaani lita 40 kamili. Akakata MDF, akagundisha, akafunga spika na bomba. Sabufa ilipowashwa, mdundo ulitoka, lakini ile besi ya chini kabisa, inayogonga kifuani, haikuwepo. Mteja akailaumu spika. Fundi akailaumu amplifaya.

Lawama zote mbili zilikosea njia. Lita 40 alizopima fundi zilikuwa za boksi tupu. Kiwanda kilikuwa kinataja hewa inayobaki baada ya spika, bomba na mihimili kuingia.

Puliza mdomo wa chupa ya soda, kisha itie maji kidogo upulize tena. Mlio unapanda, kwa sababu hewa ya ndani imepungua. Boksi lenye bomba linafuata kanuni hiyohiyo, na kila kitu unachokiweka ndani yake ni kama yale maji. Hesabu za kuoanisha spika na boksi tunazotumia leo zimejengwa juu ya kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoitoa mwaka 1961, na ya Richard Small, aliyeiendeleza katika Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ujazo unaoingia katika hesabu zao ni wa hewa, wala si wa mbao.

Basi spika inachukua lita ngapi? Tepu na kalamu vinatosha. Igawe spika sehemu mbili: sumaku na koni.

Sumaku ni mche duara. Ikiwa kipenyo chake ni sentimita 16 na kimo 6, nusu kipenyo ni 8. Zidisha 8 kwa 8, kwa 3.14, kisha kwa 6. Unapata karibu 1,206, yaani lita 1.2.

Koni ni pia iliyokatwa ncha. Tuseme nusu kipenyo cha mdomo wake ni sentimita 12, cha shingo ni 5, na kina ni 7. Jumlisha 12 mara 12, 12 mara 5 na 5 mara 5, upate 229. Zidisha kwa 3.14 na kwa 7, kisha gawa kwa 3. Jibu ni karibu 1,678, yaani lita 1.7. Jumla ni lita 2.9. Ukiongeza chuma cha fremu, andika 3.

Koni inahesabiwa kwa sababu bakuli lake linatazama nje, na hewa iliyomo ni ya chumba. Lakini uwazi ulio kati ya koni na mbavu za fremu ni hewa ya boksi, usiutoe. Ukiigeuza spika sumaku ikae nje, hesabu inageuka pia: bakuli la koni linaliongezea boksi nafasi.

Turudi kwa fundi wetu. Spika imekula lita 3. Bomba lenye kipenyo cha nje cha sentimita 11 na urefu wa 30 limekula karibu 2.9, kwani hata hewa iliyo ndani ya bomba si ya boksi. Mhimili mmoja wa sentimita 4 kwa 4 umekula 0.4. Zimebaki kama lita 33.7, na mlio uliolengwa hezi 40 umepanda kupita 43. Dawa ilikuwa rahisi: kina cha boksi kiwe sentimita 29 badala ya 25.

Jihadhari na kosa jingine. Karatasi nyingi za viwanda huonyesha kipimo kinachoandikwa Vd. Hicho ni kiasi cha hewa ambacho koni inakisukuma inapocheza, na kwa spika ya inchi 12 kinaweza kuwa nusu lita tu. Anayekitoa hicho akidhani ni nafasi ya spika anabaki na upungufu wa lita mbili na zaidi. Katika boksi dogo la gari, la lita 15, lita 3 zilizosahauliwa ni sehemu moja ya tano ya hewa yote.

Fundi, andika hesabu hii ubavuni mwa ubao kabla ya kuwasha msumeno, maana ubao uliokatwa mfupi haurefuki. Nawe mteja, usiishie kuuliza boksi ni la lita ngapi. Uliza zinabaki ngapi spika ikishaingia.