Jiwe Linalobadili Rangi

Ganeti ni jina la jamii ya mawe ya vito. Wengi wetu tunaijua ganeti nyekundu. Lakini zipo pia ganeti za rangi ya machungwa na za kijani. Mwaka 1967 mtaalamu Campbell Bridges alikuta ganeti ya kijani huko Simanjiro. Leo Simanjiro ni wilaya ya Mkoa wetu wa Manyara.

Iko ganeti nyingine ya ajabu. Hii hubadili rangi. Imepatikana katika bonde la mto Umba, Mkoa wa Tanga. Mchana huonekana ya kijani. Usiku, karibu na kibatari, huonekana nyekundu au zambarau. Je, huu ni uchawi? La, si uchawi.

Kwa nini rangi hubadilika?

Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake. Rangi hizo unaziona katika upinde wa mvua. Ndani ya ganeti hii mna madini mengine kidogo sana, kama vanadi na kromi. Madini hayo humeza baadhi ya rangi. Hupitisha zaidi kijani na nyekundu.

Mwanga wa mchana una kijani cha kutosha. Kwa hiyo jiwe huonekana la kijani. Mwanga wa kibatari au mshumaa una wekundu mwingi. Kwa hiyo jiwe huonekana jekundu. Jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni mwanga.

Ukiletewa jiwe ununue

Msomaji wa Jorodom, huenda mtu akakuletea jiwe kama hilo. Limekatwa nyuso nyingi ndogo, linang'aa. Anataka bei ya ng'ombe mmoja. Anasema wengine wanalingoja, ulipe sasa hivi. Ufanye nini?

Kwanza, usidanganywe na rangi. Viwandani hutengenezwa mawe bandia yanayobadili rangi. Kipo hata kioo cha namna hiyo. Macho peke yake hayatoshi.

Pili, usilipige kwa nyundo kulijaribu. Watu husema kito halisi hakivunjiki. Si kweli. Hata ganeti halisi hupasuka. Jiwe hupimwa na wataalamu kwa vyombo vyao. Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachoshughulika na mambo ya vito.

Tatu, kumbuka sheria. Biashara ya madini inahitaji leseni kutoka Tume ya Madini. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini katika mikoa mbalimbali. Basi jiulize: kama jiwe ni zuri hivyo, kwa nini mtu huyu haendi sokoni? Ng'ombe hutoa maziwa na huzaa. Kipande cha kioo hakizai.

Ukiokota jiwe

Ukiona jiwe usilolijua, usiligonge. Lifunge katika kitambaa. Kumbuka mahali ulipoliona. Usimwuzie mtu wa kwanza anayepita njiani. Peleka habari kwa Ofisa Madini Mkazi. Atakueleza jinsi ya kupata leseni ya uchimbaji mdogo. Vito hupimwa kwa karati, na karati 5 ni gramu 1 tu. Kwa hiyo jiwe dogo sana laweza kuwa na bei kubwa.

Mwaka 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer wa Simanjiro alipata mawe mawili makubwa ya tanzanaiti. Hakuyauza gizani. Serikali iliyanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na watu wote waliona.

Mali iliyo chini ya ardhi yetu itatufaa tukiwa na elimu. Mwenye elimu hapunjwi kwa urahisi.

Maswali
1. Kwa nini ganeti hii huonekana nyekundu karibu na kibatari?
2. Je, kubadili rangi kunatosha kuonyesha kwamba jiwe ni halisi? Eleza.
3. Ukiokota jiwe shambani, utafanya nini?