Namba za Wateja: Laini, Simu, Google au Daftari?

Mtaji wa muuza viazi wa Mwanjelwa, Mbeya, au wa nyanya pale Ilula, Iringa, hauishii kwenye magunia na matenga. Upo pia kwenye simu: madalali, madereva wa fuso, wanunuzi wa Dar es Salaam na wa ng'ambo ya Tunduma. Simu ikiibwa stendi, kitakachobaki kinategemea namba zilihifadhiwa wapi.

Wengi huhifadhi kwenye laini, kwa kuwa ni bure na hata kitochi kinaisoma. Lakini laini nyingi hubeba majina kama 250 tu, na jina refu hukatwa. Tena laini ikipotea, kwa namba ya NIDA na alama za vidole utarudishiwa namba yako ileile, na pesa yako ya mtandao utaikuta. Majina hutayakuta, laini mpya huja tupu. Ukihifadhi kwenye simu yenyewe nafasi ni kubwa, ila simu ikienda, yameenda nayo.

Akaunti ya Google nayo ni bure, ina nafasi ya GB 15, na majina elfu moja yasiyo na picha hayafiki MB moja. Bando linaloliwa hapo ni dogo mno. Ukinunua simu nyingine, unaingia kwenye akaunti na majina yanashuka yote. Tatizo ni nywila. Watu wengi hufunguliwa akaunti na muuzaji dukani, wakaondoka bila kuijua nywila hiyo. Hiyo si akaunti yako: siku simu ikipotea huwezi kuingia, na aliyeifungua anaweza kuona jina la kila mteja wako. Fungua mwenyewe, au simama na mwanao unayemwamini akusaidie.

Daftari dogo halitaki chaji wala bando. Likae nyumbani, lisiandikwe namba ya siri ya pesa.

Kwangu, mwenye simu janja achague Google, kisha aandike daftarini wale wateja wanaomlisha. Mwenye kitochi atumie laini na daftari. Laini peke yake ni bure iliyo ghali. Wote waandike namba za Tanzania kwa kuanza na +255, zipigike hata wakiwa Zambia. Na kabla ya kuuza simu, ondoa akaunti yako kwanza, ndipo ufute kila kitu.