Maji kwenye tangi la mafuta: Usiwashe gari kabla ya kuyaondoa

MVUA ya masika inapoinyeshea Nairobi, wakazi huzoea kuona gari limekwama kando ya Waiyaki Way au Ngong Road, dereva akizungusha ufunguo tena na tena, nayo injini ikikohoa bila kunguruma.

Wengi hudhani betri imekwisha nguvu au plagi zimelowa. Hata hivyo, iwapo gari lilianza kusitasita punde tu baada ya kutiwa mafuta, au baada ya kuzingirwa na mafuriko kama yale ya Aprili 2024, ni busara kushuku kwamba maji yameingia tangini.

Chanzo cha matatizo ni uzani. Lita moja ya petroli ina uzani wa takriban gramu 740 na ya dizeli gramu 840, ilhali ya maji hukaribia gramu 1,000. Kwa kuwa maji hayachanganyiki na mafuta hayo, hutua chini, karibu na pale pampu inapofyonzea. Ndiyo maana kiasi kidogo tu cha maji chaweza kuzima gari ambalo tangi lake limejaa mafuta.

Magari ya dizeli huumia zaidi. Dizeli hulainisha pampu na nozeli, kazi ambayo maji hayawezi kuifanya. Vyuma husagana na kushika kutu. Kwa sababu hiyo, mengi huwa na kichujio chenye sehemu ya kukusanyia maji, ambayo hufunguliwa chini ili yatiririke. Magari mengi ya petroli hayana kinga hiyo.

Maji hupenya kupitia kifuniko kisichoziba vyema, au hutoka katika matangi ya vituo vya mafuta yaliyo chini ya ardhi, mvua inapoingia. Aidha, lori linapopakua mafuta kituoni, maji na uchafu uliotulia chini hutibuliwa. Dereva akilikuta lori likipakua, afadhali atafute kituo kingine.

Hatua ya kwanza ni kuacha kuwasha gari, kwani kila jaribio huyavuta maji kuelekea injini. Lisukumwe kando au livutwe hadi kwa fundi.

Kisha fundi achukue mafuta kidogo kutoka chini ya tangi na kuyatia katika chupa ya kioo. Baada ya dakika chache, maji, kama yapo, yataonekana yamejitenga chini ya mafuta.

Yakithibitika, betri itenganishwe, halafu tangi litolewe mafuta yote kupitia tundu la chini au kwa pampu. Lisipokuwa na tundu hilo, huenda likalazimika kushushwa. Baadaye mabomba yasafishwe, kichujio kipya kifungwe, na mafuta safi yatiwe.

Baadhi ya madereva humwaga spiriti tangini. Spiriti hunyonya maji machache tu. Haitoshi pale maji yanapokuwa mengi, na hailifai gari la dizeli.

Kazi hii ni ya hatari. Ifanyiwe mahali pa wazi, mbali na sigara, jiko au mashine ya kuchomelea vyuma, jambo gumu katika gereji zilizosongamana kama za Kirinyaga Road. Mafuta yasivutwe kwa mdomo kamwe.

Wala yasimwagwe mtaroni. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba kuu iliingia katika mtaro wa Mukuru Sinai na kulipuka moto ulioua watu zaidi ya 100. Isitoshe, mitaro ya Lavington na Kilimani huishia katika vijito vinavyolisha Mto Nairobi. Mafuta hayo yahifadhiwe katika mtungi wa chuma wenye kifuniko na kukabidhiwa wanaojua kuyatupa kwa usalama.

Mwenye gari anayeamini aliuziwa mafuta yenye maji ahifadhi risiti pamoja na chupa ile ya sampuli, kisha awasilishe malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Bila risiti, itakuwa vigumu kuthibitisha ni kituo kipi kilichomuuzia.