Huyu Paka ni wa Nani?

Wanangu, mkitaka kuwasikia wapangaji wa nyumba moja ya Mchikichini wakibishana mpaka majirani wachungulie, ulizeni swali dogo tu: huyu paka ni wa nani? Siku akikamata panya, paka ni wetu sote. Siku kibua kikitoweka jikoni, paka hana mwenyewe. Mama wa chumba cha mbele atasema aliachwa na mpangaji aliyehama. Fundi cherehani atasema ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye atasema yeye ana nyumba, hana paka.

Mimi nawapenda paka, na nalisema mapema mjue nimesimama wapi. Lakini wasiowapenda wana sababu zao, na si vizuri kuwaita wakorofi kabla ya kuwasikiliza. Nyumba zetu mnazijua: vyumba vinatazamana, korido moja, ua mmoja, majiko yamepangana ukutani. Paka wa mtu mmoja ni paka wa kila mtu, apende asipende. Kama humo ndani yupo mtoto mwenye pumu au mzio, paka anaweza kumbana kifua usiku kucha. Kinachomdhuru hasa si manyoya yenyewe. Ni protini iliyomo katika mate na ngozi ya paka: akijilamba, mate yanakauka, yanakuwa vumbi jepesi linaloelea hewani. Kwa hiyo mwenzenu akisema paka anamfanya akohoe, msimwambie anaringa.

Tena kuna mama mjamzito. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kimelea kiitwacho toksoplasma, na kikimpata mama akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Si lazima paka afukuzwe. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka ndipo kiweze kuambukiza, na kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Kimelea hichohicho hupatikana pia katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, mambo ambayo hatuyapigii kelele kama tunavyompigia paka.

La kichaa cha mbwa ndilo zito kuliko yote. Jina lake linawadanganya wengi wadhani paka hahusiki. Anahusika. Paka akikung'ata au kukuparura, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mkubwa, mwende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo huokoa maisha, lakini dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu daima huua.

Sasa tuvuke upande wa pili. Nendeni Kariakoo, kwenye maduka ya nafaka, mtamkuta paka amelala juu ya gunia la maharage na hakuna anayemfukuza. Kwa wauza mitumba wa hapa kwetu, belo lililotobolewa na panya ni hasara tupu, kwa hiyo paka anayejikunja juu ya nguo haonekani mzembe. Msimlaumu tu akimkimbia panya buku, maana panya yule anaweza kuzidi kilo moja na ana meno ya kupasulia karanga ngumu.

Walio madrasa wanazo habari nyingine. Mmefundishwa juu ya Abu Huraira, sahaba aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kapaka kake. Mmefundishwa pia kwamba maji aliyoyanywa paka hayawi najisi, na kwamba yupo mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za pwani, watu wasiokubali mbwa avuke kizingiti humwachia paka mkeka.

Lakini mtu huyohuyo, saa nane za usiku, akisikia kilio kama cha mtoto mchanga juu ya bati, atajifunika shuka gubigubi na kuanza kutaja wachawi. Akiwa paka mweusi ndiyo kabisa. Wanangu, ile ni sauti ya paka jike aliyefikia wakati wa kutafuta dume, au madume wawili wanaomgombania. Rangi ya manyoya imetoka kwa wazazi wake, kama yenu ilivyotoka kwa wenu.

Mapenzi na hofu hizi si za leo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka akaua ndama. Watu wakaja kushtaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi. Paka akaendelea, mnyama baada ya mnyama, na kila mara jibu likawa lilelile. Hata alipoanza kuua watu, sultani hakujali. Siku alipowaua wana wa sultani mwenyewe ndipo baba alipokiri kwamba yule hakuwa paka tena, alikuwa nunda, mnyama mla watu. Wengi wakisikia hadithi hii humchukia paka. Mimi namtazama sultani. Alikubali kumiliki, akakataa kuangalia. Nyumba zetu zimegeuza tu kosa hilo: tunamwangalia paka kila siku, tunakataa kummiliki.

Na gharama ya kukataa huko hulipwa na watoto wa paka. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba kwa wiki tisa hivi, na mara nyingi huzaa watoto watatu hadi watano. Nyumba isiyo na mwenye paka itawafanyaje? Usiku mtu anawatia kwenye boksi, anawatupa karibu na soko, anajifariji kwamba pale kuna utumbo wa samaki. Lakini kitoto cha paka huzaliwa kipofu, macho hufunguka baada ya siku 7 hadi 14. Hakiwezi kujipasha joto. Hata mkojo hakiwezi kuutoa mpaka mama yake akilambe. Utumbo wa samaki utakisaidia nini? Huko ni kukiua polepole, nami siwezi kukuita kwa jina lingine. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, na vitoto vya paka ni wanyama.

Dawa ipo: daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi jike na kumhasi dume. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, ugomvi na zile kelele za batini.

Chakula nacho tusidanganyane. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, na walisema kweli. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Akilishwa ugali mtupu kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Dagaa kidogo kila siku ni bora kuliko sahani kubwa ya ugali. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa hiyo mpeni maji.

Basi anayetaka kitoto cha paka asikiokote leo na kukificha chini ya kitanda. Zungumza kwanza na mama, kisha wapangaji wenzenu, hasa mwenye pumu na mwenye mimba. Kiache kwa mama yake hadi kifikishe angalau wiki nane, maana ni kwake na kwa ndugu zake kinakojifunza kucheza bila kung'ata kwa nguvu. Kikifikisha miezi mitatu, kipelekeni kwa daktari wa mifugo kikachanjwe kichaa cha mbwa, na siku hiyohiyo mumuulize lini kitaweza kufungwa kizazi.