Kabla ya kutuma utafiti wa mwanafunzi mtandaoni, tuhakikishe sauti ni yake

MWALIMU mmoja wa Baiolojia, niliyemfunza Kiswahili miaka mingi iliyopita, alinipigia simu juma lililopita akiwa na furaha tele. Mwanafunzi wake wa Kidato cha Tatu alikuwa amefanya utafiti kuhusu fukusi wa mahindi, na kulikuwa na jarida la mtandaoni lililokuwa tayari kuuchapisha.

“Mwalimu, wanasema itatoka baada ya siku tatu. Tunatuma tu dola themanini, basi!”

Nilimsihi asitume hata ndururu kabla sijaisoma kazi yenyewe.

Utafiti ulinipendeza. Msichana huyo alitia mahindi katika makopo sita. Matatu aliyachanganyia unga wa majani ya mwarobaini, matatu akayaacha yalivyo. Kila Ijumaa alihesabu fukusi waliokufa. Makopo yale yasiyotiwa kitu ndiyo yaliyoupa utafiti uzito. Bila cha kulinganishia, utajuaje kama ni mwarobaini uliowaua ama ni siku zao tu zilikuwa zimefika?

Maandishi, hata hivyo, yalikuwa jambo jingine. Kiingereza chake kilikuwa kizito mno. Nilipozungumza na mwandishi kwa simu, nilimwuliza maana ya sentensi ya kwanza ya ikisiri yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapo sijui, Mwalimu. Hiyo ilirekebishwa na kompyuta.”

Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili alichofanya. Kwa dakika tano hivi alinieleza yote, na kuongeza kwamba kopo moja liliingia maji na mahindi yake yakaota kuvu. Nilishangaa. Habari hiyo haikuwa popote katika maandishi!

Ikisiri ni muhtasari unaotangulia makala ya kitaaluma. Hutaja swali la mtafiti, mbinu alizotumia, matokeo aliyopata na maana yake. Mhariri huisoma kwanza, na mara nyingi msomaji wa mtandaoni huishia hapo. Asiyeweza kuieleza ikisiri yake kwa mdomo hajaiandika bado, ameandikiwa.

Kuna wanaodhani sayansi haina budi kuvikwa maneno magumu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2010, jarida la Biology Letters la Royal Society ya Uingereza lilichapisha utafiti wa watoto 25 wa shule ya msingi ya Blackawton, wenye umri wa kati ya miaka 8 na 10. Walichunguza jinsi nyuki wanavyotumia rangi na mpangilio wake kuchagua mahali pa kutafuta chakula. Mwanasayansi Beau Lotto aliwaongoza, lakini maneno yalikuwa ya watoto wenyewe, na michoro waliipaka kwa penseli za rangi. Hawakuorodhesha marejeleo. Kilichowapa nafasi ni kwamba waligundua jambo jipya, wakalisema kwa lugha yao.

Sasa turudi kwa zile dola themanini. Majarida mengi halali hutoza ada, kwa hivyo ada pekee si dalili ya ulaghai. Dalili ni ahadi ya siku tatu. Jarida la kweli huwapa wataalamu kazi waihakiki, nao huirudisha na maswali. Shughuli hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Mwalimu atazame wahariri ni kina nani na matoleo ya awali yakoje, kisha alitafute jarida katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka wa 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Yapo pia majarida yanayopokea kazi za wanafunzi wa sekondari, kama vile Journal of Emerging Investigators, ambapo mwanafunzi huongozwa na mtu mzima. Kwa mtoto wa umri huo, mzazi naye aulizwe kabla jina la mwanawe halijaanikwa mtandaoni.

Kosa hapa si la kupoteza pesa tu. Majarida ya maana hukataa kazi iliyokwisha kuchapishwa kwingine. Msichana huyu angetoa matokeo yake kwa walaghai, angekuwa ameyafungia mlango kwingineko, na jina lake lingebaki juu ya sentensi asizozielewa.

Mwalimu wake alikubali, ingawa shingo upande. “Sawa, lakini watoto wa shule zingine watatutangulia,” alinung’unika. Nilimjibu kwamba mwenda pole hajikwai.

Jana jioni nilitumiwa nakala mpya. Ameiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza chepesi. Kina makosa ya hapa na pale, ambayo mhariri atayaona. Kopo lililoota kuvu nalo limepata aya yake.