Udongo wa Kilwa na Joto la Kale

Nchi inapojinadi kuwa mahali pazuri pa utafiti, hutaja vyuo vyake, mitambo, kasi ya intaneti na misamaha ya kodi. Vyote vina uzito, lakini vinaweza kujengwa popote penye fedha. Tanzania ina nguvu nyingine isiyojengeka wala kuhamishika, nayo imelala chini ya minazi na mikorosho ya Kilwa Masoko na vijiji vya jirani: tabaka nene za udongo wa mfinyanzi zilizotuama baharini kuanzia mwishoni mwa zama za dinosaria hadi yapata miaka milioni 33 iliyopita. Wanajiolojia huziita Kundi la Kilwa, na majina ya mahali hapa yamekuwa majina ya tabaka zenyewe: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande.

Thamani ya udongo huu imo katika viumbe wadogo kama chembe ya mchanga, foraminifera, wenye seli moja tu. Kila mmoja hujijengea ganda la chokaa, na uwiano wa isotopu za oksijeni katika ganda hilo hufuata joto la maji lilimojengwa, hivyo ganda ni kipimajoto. Shida huanza likishazama. Kwenye sakafu ya bahari kuu maji hupenya matope ya chokaa, ganda huyeyuka kidogo kidogo, kisha fuwele mpya hujijenga mahali pake katika baridi ya kilindini. Anayelipima baadaye husoma baridi ile, akidhani ni ya juu ya bahari. Kwa miaka mingi vipimo vya aina hiyo vilionyesha kwamba bahari za tropiki za enzi ya Eosini zilikuwa baridi kuliko za leo, ilhali ushahidi mwingine ulionyesha dunia yenye joto hadi karibu na ncha zake. Mambo hayo mawili hayakupatana. Udongo wa Kilwa haupitishi maji kwa urahisi, na maganda yaliyomo hutoka yakiangaza kama kioo. Mwaka 2001 mtafiti Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vilivyotegemea maganda safi, ya Tanzania yakiwemo: joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, au zaidi. Kumbe hitilafu ilikuwa katika maganda yaliyobadilika, wala si katika dunia ya kale.

Kisha wachorongaji wakaingia kazini, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ambalo mtaalamu wake wa visukuku vidogo wakati huo, Joyce Singano, ni miongoni mwa waandishi wa matokeo ya uchorongaji huo. Miche ya udongo, yaani nguzo nyembamba zinazotolewa na keekee, kutoka upande wa Pande inavuka mpaka wa mwisho wa Eosini, yapata miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ilipoanza kuifunika Antaktika. Mwaka 2009 watafiti walitumia boroni iliyomo katika maganda ya miche hiyo kukadiria hewa ya ukaa ya zama zile, wakaona ilipungua kuelekea kipindi hicho cha barafu. Uhusiano wa hewa ya ukaa na barafu, unaobishaniwa katika mikutano ya dunia nzima, umepata ushahidi wake mmoja muhimu kutoka wilaya ya Kilwa.

Mtu wa Lindi, mkoa ilimo Kilwa, ana haki ya kuuliza: tumefaidi nini? Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilichimbwa Tendaguru, katika mkoa huu huu, zikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin, ambako dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya meta 13 amesimama hadi leo. Boheti bin Amrani alisimamia wachimbaji na kuijua mifupa ile kwa mkono na jicho, lakini ujuzi wa namna yake haukupata shule ya kuurithisha hapa. Pingamizi hili ni zito, nami silipunguzi. Ila linachothibitisha ni kwamba utajiri wa ardhi pekee hautoshi. Halithibitishi kwamba ardhi si utajiri.

Wengine husema bila mashine za mabilioni hatuwezi kitu. Hapo wanakosea. Hatua ya kwanza ya kazi hii ni kulowesha udongo, kuuosha juu ya chekeche laini, kukausha masalia na kuchagua maganda chini ya hadubini. Hadubini, maji safi na jicho lililofunzwa havihitaji bajeti ya taifa kubwa. Mashine ya kupima isotopu inaweza kubaki ng'ambo, kwa kuwa sampuli yake hutosha kwenye bahasha. Wala ujuzi huu si wa anasa. Kwa visukuku hivyohivyo wachimbaji wa mafuta na gesi hutambua umri wa tabaka wanazopita, na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 katika wilaya hii hii, inapelekwa Dar es Salaam tangu 2004.

Kinachopungua Kilwa Masoko, basi, ni jengo dogo: ghala la kutunzia miche, chumba cha kuoshea, meza chache za hadubini, na nafasi za mafunzo kwa vijana wa Lindi chini ya wataalamu wa TPDC na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kibali cha mtafiti mgeni kingeambatana na sharti la kuacha nusu ya kila mche hapa. Ghala lenyewe halivumilii uzembe. Udongo wa mfinyanzi wa baharini mara nyingi huwa na madini ya pairaiti, na pairaiti ikikutana na hewa na unyevu huzaa asidi inayokula chokaa. Mche uliotupwa kwenye banda linalovuja unaweza kupoteza kwa miaka michache maganda yaliyodumu ardhini miaka milioni 40.