Pilipili Machoni: Moto Usiounguza

Pilipili kichaa moja ikidondoka katika makaa ya jiko la mafiga, nyumba nzima hutoka nje ikikohoa. Jambo hilo linafahamika vema katika miinuko ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ambako nyakati za baridi moto hukokwa ndani na mlango kufungwa. Macho hutiririka machozi, koo hubana, na watoto hupiga chafya hadi moshi utawanyike. Ni wachache wanaofikiri kwamba moshi ule umebeba kemikali ileile iliyomo katika kopo dogo la kupulizia ambalo polisi wa nchi nyingi hulibeba kiunoni. Katika vyuo vingi vya polisi vya Marekani, kuruta hupuliziwa kopo hilo usoni ili alijue kwa mwili wake kabla ya kulitumia kwa mwingine.

Kemikali hiyo ni kapsaisini, jina ililopewa na mkemia Mwingereza John Thresh mwaka 1876. Molekuli yake ina atomu 18 za kaboni, 27 za haidrojeni, 1 ya naitrojeni na 3 za oksijeni. Mkia wake mrefu wa kaboni na haidrojeni huifanya iyeyuke katika mafuta na alkoholi, lakini si katika maji. (Isichanganywe na kemikali ya mabomu ya machozi iitwayo CS, ambayo haitoki katika mmea wowote, iliundwa maabarani na Wamarekani wawili, Corson na Stoughton, mwaka 1928.)

Je, pilipili huunguza? La. Hapo ndipo ilipo ajabu yake. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko San Francisco waligundua katika neva za maumivu protini iitwayo TRPV1. Protini hiyo ni kama mlango: joto likizidi nyuzi 43 za Sentigredi hufunguka, ayoni za kalisi na sodiamu huingia ndani ya neva, na ubongo hupata habari ya hatari. Kapsaisini huufungua mlango huohuo bila joto lolote. Ubongo basi huletewa taarifa ya moto ambao haupo, nao huamuru kope zifumbe, machozi yamwagike na mapafu yakohoe. Kwa kazi hiyo Julius alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021.

Watu husifu dawa nyingi za kutuliza mwasho huo, na maziwa husifiwa kuliko zote. Mwaka 2008 zilichapishwa habari za jaribio lililofanyiwa watu 49 waliojitolea, waliokuwa wakipuliziwa pilipili katika mafunzo yao. Waligawiwa kwa bahati nasibu maji, maziwa, sabuni ya nywele ya watoto wachanga, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au dawa ya ganzi. Hapakuonekana tofauti ya maana baina ya dawa hizo tano. Kilichotuliza maumivu kilikuwa muda. Mwanafunzi wa kemia asishangae: kuosha huondoa kilichobaki juu ya ngozi, lakini molekuli zilizokwisha kupenya hadi kwenye neva hazifikiwi na maziwa.

Kusema kwamba moto huo haupo si kusema kwamba hauna madhara. Wachunguzi wa Finland waliwapima askari polisi 10 waliopuliziwa mafunzoni, wakatoa matokeo yao mwaka 2000. Konea za macho yao zilipungukiwa na hisi kwa muda. Wachunguzi hao waliona kwamba kupuliziwa mara moja hakuelekei kudhuru jicho, bali kurudiarudia kwaweza kubadili hisi ya konea kwa muda mrefu. Kwa mwenye pumu, mbano wa mirija ya hewa ni hatari ya kweli, na mkufunzi asiyeuliza habari hiyo kabla ya kupuliza hana udhuru.

Jikoni, aliyetwanga pilipili na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Ikiwa imekwisha kuingia, asifikiche. Apepese kope na kumiminia jicho maji mengi safi. Mawese huyeyusha kapsaisini vizuri zaidi, lakini hayafai kutiwa jichoni. Mwenye pumu atolewe nje kwenye hewa, na akizidi kubanwa apelekwe hospitali.

Yuko mmoja uani asiyejali haya yote. Pilipili zikianikwa mkekani, kuku huzidonoa na kumeza bila kupiga hata chafya. TRPV1 ya ndege ina umbo tofauti kidogo, nayo kapsaisini haiwezi kuifungua. Huko Marekani ya asili yake, pilipili mwitu husambazwa na ndege, ambao huangusha mbegu nzima pamoja na kinyesi; wanyama wenye meno, ambao wangezisaga, huzionja mara moja tu.